Waya Niliouchomoa Mwenyewe

Jumatatu, 22 Novemba 1999

Barua imefika kutoka kwa wafadhili. Ndani yake mna disketi moja nyeusi. Mama Dorotea, meneja wetu hapa Chama cha Wakulima wa Mpunga Lumemo, akaipokea kwa mikono miwili. Nikanyoosha mkono wangu. Mimi ndiye karani. Miaka kumi na minne kila karatasi iliyoingia ofisi hii imepita kwangu kwanza. Akanipita kama nguzo, akampa Gosbert.

Gosbert! Ana miaka ishirini na sita. Alitoka Bukoba mwezi wa pili na cheti cha kompyuta. Ananiamkia shikamoo kila asubuhi, tena kwa kuinama kidogo. Hata hilo linaniudhi. Mtu akikuheshimu hivyo, utamchukia saa ngapi?

Akatueleza kwamba laptopu ya ofisi ikifika mwaka 2000 itachanganyikiwa, itadhani ni 1900. Dawa yake imo kwenye disketi. Inatibu kitu kinaitwa baiosi, ambayo ni akili ya kwanza ya mashine, ile inayoamka kabla ya nyingine kuamka. Nikauliza kama mwaka 1900 kulikuwa na laptopu. Hakuna aliyecheka. Gosbert akasema hilo ni swali zuri, ndipo wote wakatabasamu. Kwake yeye.

Levina, mwenzetu wa masjala, ameifumia laptopu kitambaa cheupe chenye maua ya pinki. Taipureta yangu ina miaka kumi na minne mezani. Haijawahi kufumiwa hata kamba ya kiatu.

Sina wivu. Naandika tu yaliyotokea.

Jumatano, 24 Novemba

Gosbert ameondoka na lori kwenda Mngeta kuwaelimisha wakulima. Atarudi Jumanne. Ameacha neno kwamba disketi isiguswe, ataiingiza mwenyewe akirudi, maana kazi hiyo inataka utulivu. Utulivu! Mimi niliwahi kupiga chapa risala nzima ya mgeni rasmi huku nyuki wameingia ofisini.

Tarehe 3 Desemba linakuja lori la mbegu bora. Tuna wanachama 412. Majina na ekari zao yamo ndani ya laptopu, na wafadhili wameshasema: asiye kwenye orodha hapewi, na mbegu zitakazobaki zinarudi na lori siku hiyo hiyo. Mke wangu Brigita ni mwanachama. Ana ekari mbili Kisawasawa, zimeshalimwa, zinangoja mbegu tu. Kwa hiyo mpunga wote wa bonde hili umekaa mapajani mwa kijana aliyekulia kwenye ndizi.

Zamani majina yalikaa kwenye daftari langu. Mwezi wa tatu Gosbert alipomaliza kuyanakili, akaliita "lile daftari la zamani". Mbele ya watu! Nikalipeleka nyumbani, nikatangaza kwamba limeliwa na mchwa. Nilitaka walililie. Gosbert akanipa pole, akasema bahati nzuri majina yote yako kwenye mashine. Hakuna aliyelia. Daftari liko chini ya kitanda changu, ndani ya sanduku la bati, zima kabisa. Mchwa hawajaonja hata jalada.

Leo nimepata wazo. Nikiitibu mimi laptopu kabla hajarudi, Mama Dorotea ataona nani ni nani. Disketi na barua viko kwenye droo yake. Funguo za droo ninazo mimi. Nimeisoma barua, Kiingereza chake chepesi. Hatua sita. Nani anashindwa na hatua sita?

Alhamisi, 25 Novemba

Mungu wangu.

Niandike kwa utaratibu. Saa saba mchana Mama Dorotea alikuwa kikaoni bomani. Levina alikwenda kula. Nikafunga mlango kwa komeo, nikaanza. Hatua ya kwanza hadi ya tano, safi! Kwenye skrini ukatokea mstari mweupe unaotambaa. Asilimia kumi. Ishirini. Juu yake onyo kwa herufi kubwa: usizime mashine. Nikakunja mikono kama bwana mkubwa. Nikawa napanga maneno ya kumwambia Gosbert. Ningemwambia, kijana, ile kazi ndogo nilikumalizia.

Asilimia arobaini, radi ikapiga upande wa milimani.

Sasa, mimi nimezaliwa Mahenge. Nikiwa mdogo radi iliteremka na waya wa antena ikala redio ya baba mdogo, ikabaki harufu tu. Tangu siku hiyo bibi alitufundisha: ngurumo ya kwanza, chomoa kila kitu, funika kioo, vua nguo nyekundu. Mwili wangu haungoji ruhusa. Nilipozinduka nilikuwa nimesimama katikati ya ofisi, waya wa feni mkono wa kushoto, waya wa laptopu mkono wa kulia, na kioo cha Levina nimekifunika kwa koti langu.

Betri ya laptopu ilikufa zamani. Bila waya haiishi hata sekunde moja.

Nikauchomeka upesi upesi. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Skrini nyeusi. Nikaizima, nikaiwasha. Nyeusi. Nikaisemesha kwa upole. Nikaisemesha kwa ukali. Nyeusi.

Na mvua yenyewe haikunyesha! Matone sita, nimeyahesabu dirishani.

Ijumaa, 26 Novemba

Nimeifunika kwa kile kitambaa. Levina amepita mara nne, kila mara ananyoosha maua yake na kuondoka. Kumbe kitambaa kina kazi.

Jumamosi, 27 Novemba

Nimeipeleka laptopu kwa Eustaki, fundi redio wa sokoni. Ndani ya gunia la mpunga, nyuma ya baiskeli. Njiani watu watatu waliniuliza kama nauza.

Eustaki aliifungua kwa bisibisi, akachungulia ndani kwa muda mrefu. Akasema shida ni moja, hii redio haina spika. Nikamwambia siyo redio. Akasema basi ndiyo maana. Akapendekeza tuioshe kwa spiriti na kuianika juani ipate joto, kama alivyomfanyia mwalimu mmoja wa Kibaoni kaseti yake ikapona. Alipoanza kupasha moto chuma cha kulehemu, niliikwapua. Nimerudi ofisini na gunia mgongoni. Punje za mpunga zimeingia kwenye vitufe. Herufi "G" haibonyezeki tena. Hilo peke yake limenifurahisha kidogo.

Jumapili, 28 Novemba

Baada ya misa nilimvizia Sista Aurelia, anayetunza kompyuta ya parokia. Nikamwambia nina rafiki. Rafiki huyo, nikasema, yuko mbali sana, na mashine yake ilizimika katikati ya kutibiwa baiosi. Sista akaniuliza kama rafiki alisoma ukurasa wa nyuma wa barua.

Ukurasa wa nyuma?

Nikaitoa mfukoni. Sista hakuuliza kwa nini barua ya rafiki wa mbali iko mfukoni mwangu. Watawa wana adabu. Nyuma imeandikwa yote! Kwanza, usichomoe waya. Pili, ukiwa umeshauchomoa, ingiza disketi ile ile, bonyeza vitufe viwili pamoja, washa, subiri. Skrini itabaki nyeusi. Usiguse kitu mpaka itakapojiwasha yenyewe.

Nimewasha mshumaa kanisani. Gosbert bado yuko Mngeta. Naomba lori lao likwame kidogo. Siyo ajali! Tope tu.

Jumatatu, 29 Novemba

Nikangoja Levina aende kula. Disketi ndani, vitufe viwili, nikawasha. Skrini nyeusi kama walivyoandika. Disketi ikaanza kusaga taratibu. Nikashusha pumzi.

Ghafla mashine ikalia. Piii! Halafu tena, piii! Sauti ya kufika mpaka kituo cha treni. Wakati huo huo nikasikia kandambili za Levina barazani. Ingekuwa wewe ungefanya nini? Nikachomoa waya. Nikachomoa na disketi, nikaitia mfukoni pamoja na barua. Nikafunika kitambaa, nikajifanya napiga miayo. Levina akauliza nini kimelia. Nikasema tumbo langu.

Mashine imekufa kabisa sasa. Imelia mara ya mwisho kama mtu anayekata roho.

Jumanne, 30 Novemba

Gosbert amerudi. Lori halikukwama. Amemletea Mama Dorotea mkungu wa ndizi na Levina samaki kitoga wawili. Mimi kaniletea kofia ya ukili, nzuri sana, inanienea. Nimeiweka chini ya meza.

Kisha akaondoa kitambaa. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Mimi nilikuwa nachonga penseli. Nimechonga penseli tatu mpaka zikaisha.

Gosbert akasema inaonekana umeme ulikatika ghafla, ukaidhuru baiosi. Majina yapo salama, akasema, yamelala ndani, aliyezimia ni yule mlinzi wa mlangoni tu. Akipata disketi anamwamsha. Wakafungua droo. Disketi hakuna. Ofisi nzima tukatafuta. Mimi ndiye niliyetafuta kuliko wote, mpaka juu ya kabati, disketi ikinichoma kwenye mfuko wa shati. Ataagiza nyingine Dar es Salaam. Wiki moja. Na lori la mbegu linakuja Ijumaa!

Mama Dorotea akakaa chini. Akasema mwaka jana maji yalisomba vitalu, mwaka huu tunakosa mbegu kwa sababu ya mashine. Hapo ndipo nilipoona mlango wangu umefunguka.

Nikasimama. Nikasema, mama, majina yote ninayo kichwani.

Gosbert akabaki mdomo wazi! Nikasema kazi ya karani wa kweli ni kubeba watu wake moyoni. Levina akanishangilia kwa vigelegele. Ningependa siku hii isiishe.

Jumatano, 1 Desemba

Nimechana kurasa za daftari langu, nikazigawa kwenye mifuko ya suruali. Ofisini nafumba macho, napiga chapa majina ishirini na ekari zake, kisha naomba ruhusa kwenda chooni kusoma mengine ishirini. Nimekwenda chooni mara kumi na nane. Levina akanichemshia majani ya mpera ya kufunga tumbo. Nimeyanywa. Sasa tumbo limefunga kweli.

Lakini heshima niliyopata! Watu walikuja kuchungulia dirishani. Mzee mmoja wa Lumemo akauliza kama namkumbuka yeye, nikamtajia jina, ekari moja na robo, na jina la babu yake. Akanishika kichwa, akanibariki. Mama Dorotea akasema huu ni muujiza. Nikamwangalia Gosbert kwa pembeni. Alikuwa anapiga makofi. Kwa nini anapiga makofi? Mtu akishindwa anune, tujue moja!

Saa tisa nikafika mwisho. Jina la 374. Nikainuka kupokea sifa.

Gosbert akasema kazi kubwa sana, mzee. Akauliza na wale 38 waliojiunga baada ya mwezi wa tatu, nao unawakumbuka?

Hao waliandikishwa na yeye, moja kwa moja kwenye mashine. Daftari langu halina hata mmoja. Nikafumba macho kwa muda mrefu. Mama Dorotea akanisaidia kwa upole. Akasema, Mzee Theodori, taja basi yule wa kwanza kukujia, mbona mkeo mwenyewe alijiunga mwezi wa sita?

Brigita hayumo. Nimewakumbuka watu 374 mpaka na babu zao, nikamsahau mke wangu. Ofisi ilicheka mpaka feni ikatikisika. Wote, isipokuwa Gosbert. Ningemsamehe zaidi kama angecheka.

Alhamisi, 2 Desemba

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Jana sikupewa chakula. Leo asubuhi Brigita alikuwa anafua mashati yangu uani. Aliposita kufua nikajua. Akaja akasimama mlangoni, disketi mkono mmoja, mabaki ya daftari mkono wa pili.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Akasema, "Baba Damiani, nimepalilia watu mwaka mzima ili ekari mbili zile zilimwe. Zikibaki tupu kwa sababu ya kijicho chako, utalala ofisini na hiyo taipureta yako. Chagua. Uipeleke wewe hii, au nivipeleke mimi vyote viwili kwa Mama Dorotea."

Nimechagua. Nimeingia ofisini na disketi na barua, nikasema nimeviona nyuma ya kabati. Gosbert akaitazama disketi. Ilikuwa na povu la sabuni pembeni. Akaifuta kwa kitambaa cha mfukoni, polepole, akasema asante, mzee, una macho makali.

Mchana ndipo kazi ikafanyika. Wenzangu walisimama kuizunguka mashine. Disketi ndani, vitufe viwili, akawasha. Skrini nyeusi. Nikawa nimekaa karibu na ukuta, karibu na waya.

Radi ikapiga!

Naapa sikutaka. Mwili uliinuka wenyewe. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye plagi pale Mama Dorotea aliponidaka kwa mkanda wa suruali, na Levina akanikalia miguuni. Nikapiga kelele kwamba tutaungua wote. Mama Dorotea akasema tuungue, lakini na orodha.

Mashine ikalia. Piii! Nikasema, basi, imekufa. Gosbert akacheka, akasema hapana mzee, hiyo ndiyo sauti ya kupona, inasema imeipokea dawa, tungoje tu. Dakika tatu baadaye ikajiwasha. Maandishi, mwanga, kila kitu! Printa ikaanza kukwaruza majina. Namba 398, Brigita, ekari mbili.

Watu wakamkumbatia Gosbert. Mimi nilikuwa bado chini, Levina miguuni. Nikawa nafikiri jambo moja tu. Jumatatu ililia! Jumatatu nilikuwa nimeshaiponya! Kandambili za Levina ndizo zilizoniharibia. Kwa haki, ile sifa ni yangu, Gosbert ameazima tu.

Ijumaa, 3 Desemba

Lori limekuja. Wote 412 wamepata. Brigita amejitwisha mfuko wake wa kwanza bila kungoja msaada wangu, akapita mbele yangu akitabasamu kidogo. Kidogo inatosha.

Kisha Gosbert akasimama mbele ya mkutano. Nikajua yamekwisha. Nikaanza kutafuta upenyo kati ya magunia. Akasema mashine ilipata shida siku ya radi, na kama siyo Mzee Theodori kukimbia kuchomoa nyaya, huenda ofisi nzima ingeungua. Watu wakapiga makofi. Mama Dorotea ametangaza kwamba kuanzia leo mimi ndiye msimamizi rasmi wa kuchomoa nyaya. Nimepewa barua. Nimeipiga chapa mwenyewe.

Tulipobaki wawili Gosbert akanipa karatasi iliyokunjwa. Ukurasa wa daftari langu, majina ya 161 hadi 180. Kaiokota chooni tangu Jumatano. Akaniambia tu kwamba Januari kuna mafunzo ya kompyuta Morogoro, wiki mbili, na amependekeza jina langu.

Nimekaa na jambo hili jioni nzima. Hata wema kanizidi! Anajua kila kitu, na ananisitiri mbele ya watu, na bado shikamoo yake ni ya kuinama. Hapana. Mtu hawi hivyo bure. Nimegundua: anataka kuniondoa ofisini wiki mbili. Nimemjibu kwamba Januari kuna radi nyingi, kituo changu siwezi kukiacha. Akasema anaelewa. Bila shaka anaelewa!

Na Levina amefuma kitambaa kipya. Cha disketi. Kidogo, cha mraba, na ua katikati.

Jumatatu, 6 Desemba

Brigita amenisamehe. Mvua za kweli zimekaribia, Kisawasawa wameanza kupanda. Daftari nimelishona upya, nimelirudisha sandukuni. Nikiulizwa, mchwa.

Leo imefika barua nyingine. Na disketi nyingine! Hii ni ya kuitibu printa. Mama Dorotea akampa nani? Nisiandike, kalamu itapasuka. Gosbert kesho anakwenda Kisawasawa kuwaonyesha akina mama namna ya kupanda kwa mstari. Akina mama, akiwemo Brigita! Ameshaandaa khanga mpya ya kwendea huko. Gosbert ameacha disketi kwenye droo. Juu yake kaandika kwa wino mwekundu: tafadhali isiguswe.

Kwa nini aandike hivyo? Nani mwingine ana funguo?

Nimetazama juu. Mawingu hakuna. Barua ina kurasa mbili, na safari hii nimejifunza, nitazisoma zote. Ule wa nyuma nitausoma nikishamaliza.